Mbwa Aliyefungwa Juani

Wapo watu wengi, wasomi wakiwemo, wanaodhani kwamba ukatili kwa mnyama ni fimbo tu. Asiyempiga mbwa wake hujiona ametimiza wajibu. Dhana hiyo ni potofu kisheria, na kwa mwanafiziolojia ni potofu zaidi.

Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam anafuga mbwa wa ulinzi. Sijamwona akimpiga hata siku moja. Lakini alikuwa akimfunga kwa mnyororo mfupi ukutani tangu alfajiri, akaenda kazini hadi magharibi. Bakuli la maji aghalabu lilikuwa limepinduka kabla ya saa nne. Nilipomsemesha alinijibu, tena kwa upole, kwamba mbwa ni mali yake.

Hebu tuutazame mwili wa mbwa huyo. Joto lake la kawaida ni takriban nyuzi 38.5 za Selsiasi. Tezi zake za jasho zimo hasa nyayoni, na msaada wake ni mdogo mno. Hujipoza kwa kutweta: maji ya ulimini na ya njia ya pumzi hugeuka mvuke, yakaondoka na joto. Kwa hiyo kadiri anavyotweta ndivyo anavyopoteza maji. Katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya pwani yetu, maji hayo hukawia kugeuka mvuke, naye hulazimika kutweta zaidi. Mbwa aliye huru hufuata kivuli. Aliyefungwa huachwa na kivuli.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inamtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Basi neno "mali yangu" si utetezi hata kidogo. Ni kukiri nani anayewajibika.

Wengine watasema kwamba penye watu wanaohangaikia maji, kiu ya mbwa ni anasa ya mazungumzo. Hoja hiyo si nyepesi. Hata hivyo, hakuna aliyelazimishwa kufuga, na mbwa hawezi kwenda kisimani mwenyewe.

Walimu wa Biolojia wanaofundisha udhibiti wa joto mwilini wangeweza kuisoma sheria hii pamoja na wanafunzi katika kipindi hicho hicho. Mimi nilimweleza jirani habari za kutweta kabla ya kutaja sheria. Juma lililofuata mnyororo ulirefushwa hadi chini ya mwembe, na bakuli likabadilishwa kwa karai zito lisilopinduka.