Mkataba wa Shamba Usigeuzwe Mtego

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, aliandika hati, akaitia muhuri mbele ya mashahidi. Hakutegemea neno tupu.

Hapa Kenya hata hati haitoshi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yasema kwamba mauzo ya shamba yasiyo na kibali cha Bodi ya Ardhi ni batili, na kibali huombwa katika muda wa miezi 6. Walaghai wameigeuza ngao hiyo kuwa mtego. Muuzaji hupokea fedha, humwacha mnunuzi ajenge na kupanda, naye huikwepa bodi kwa makusudi. Bei ya ardhi ikipanda, hukimbilia mahakamani akidai kwamba mkataba umekufa! Mnunuzi hubaki kudai fedha zake tu, kama deni. Je, hiyo ndiyo haki?

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilikataa hila hiyo: aliyepokea fedha na kukabidhi ardhi anamshikia mnunuzi amana. Majaji wengine walipinga, hata mwaka 2018 mahakama hiyo ikaushikilia tena msimamo wa kwanza. Lakini mjane asiye na wakili atafikaje huko?

Bunge na lirekebishe sheria, asifaidike mtu kwa kosa lake mwenyewe. Nasi twende bodini mapema, tukiwa na mashahidi. Husemwa kwamba mnyonge hana haki, sisi twakataa.