Chumvi na Sukari Hufungua Mlango

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Kaloleni, mifereji ikauka watu hununua maji ya mitungi, wala si yote yaliyo safi. Hapo kipindupindu hupata njia.

Mtoto aharishapo, wazazi wengine humnyima maji, wakidhani ya kuwa yatazidisha kuhara. Wengine humpa maji matupu. Yote mawili hayatoshi kumwokoa.

Kila chembe hai ya mwili ina utando wenye milango. Sumu ya kipindupindu huzifanya chembe za utumbo zimwage chumvi, nayo maji huifuata. Lakini uko mlango mmoja ambao sumu haiufungi: ule upitishao chumvi na sukari pamoja, alioueleza mtaalamu Robert Crane mwaka 1960. Viwili hivyo vikiingia, maji huvifuata ndani.

Basi, pasipo dawa ya pakiti, mzazi achanganye katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa: sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko, bila kulundika. Chumvi isizidi, maana huyavuta maji kutoka katika chembe. Amnyweshe kidogo kidogo, huku akimpeleka zahanati upesi. Haba na haba hujaza kibaba.