Kadi yetu ni ya ku bariere tu?

Ndugu wakaaji wa Butembo na Beni, vijana wenzetu,

Kila mtu wa huku anajua hii mambo. Unatoka shambani ao sokoni, uko juu ya moto, motari anapunguza mwendo. Mbele kuna kamba, kuna bunduki, na kuna neno moja: "Kadi!" Unashuka. Unatafuta kadi yako ya uchaguzi ndani ya mfuko. Ile ya 2023 picha imeanza kufutika, jina linasomeka nusu. Mwenye kamba anaigeuza mbele na nyuma, anakuuliza unatoka wapi na unaenda kufanya nini. Kama huna kadi, unatafuta mia tano. Kama kadi iko lakini haionekani muzuri, unatafuta mia tano vilevile.

Hiyo ni kadi ya uchaguzi. Ilitengenezwa ili raiya achague wenye kumuongoza. Huku kwetu imekuwa karatasi ya kupitia bariere. Njo maana tunaandika leo: tunataka kadi irudie kazi yake, na mwenye kadi apewe neno lake.

Tukumbuke kidogo. Tarehe 30 Desemba 2018 inchi ilikuwa inachagua rais. Sisi wa Butembo, wa mji wa Beni na wa teritwari ya Beni, pamoja na ndugu wa Yumbi kule Mai-Ndombe, tuliambiwa tungojee. Sababu walizotoa: Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni moja wakawekwa pembeni. Beni, raiya walipanga mistari wao wenyewe siku ile, wakatengeneza masanduku yao, wakaweka makaratasi ndani, ili ionekane kwamba inawezekana. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tukaitwa tarehe 31 Machi 2019, kuchagua wabunge tu. Kiti kikubwa tulikuta mtu amekwisha kukikalia.

Mwaka 2023 tulichagua kama wengine. Lakini washauri wa komini walichaguliwa kwa miji iliyo makao makuu ya majimbo. Butembo na Beni hatumo. Kwa hiyo mtu wa karibu kabisa na maisha yetu, yule wa kuuliza juu ya taa ya avenyu, mtaro uliojaa ao bariere iliyozaliwa jana usiku, hatujawahi kumchagua. Meya anatoka juu. Bugumestri anatoka juu. Na tangu tarehe 6 Mei 2021, na ile état de siège, gavana ni jenerali na mameya wetu ni wakubwa wa polisi.

Hatusemi hivi kwa kuwachukia askari. Wengi wao, watoto wa watu kama sisi, wamekufa ndani ya misitu ya Beni, na mama zao hatuwajui. Tunasema juu ya namna ya kuamua. Mwanzo walituambia siku 30. Kisha siku 15. Kisha siku 15 ingine, na ingine, mpaka tumeacha kuhesabu. Agosti 2023 waliita mkutano mkubwa Kinshasa juu ya jambo hilo. Watu wetu walienda, walisema. Oktoba 2023 rais akatangaza kwamba masharti yatalegezwa hatua kwa hatua. Leo bado tunaamka chini ya utawala ule ule.

Na je, kuchinjwa kumeisha? Tangu Oktoba 2014 tunazika. Tulizika wa Ngadi. Tulizika wa Rwangoma, Agosti 2016. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda limeingia kusaidiana na jeshi letu, na bado tunazika. Septemba 2025, Ntoyo, kule Lubero, watu walikuwa wamekaa kwa matanga, wanalia mtu wao. Waliuawa hapo hapo, zaidi ya sitini.

Tulizunguka kwa komini mbalimbali: Bungulu na Mulekera upande wa Beni, Kimemi na Bulengera upande wa Butembo. Tuliuliza swali moja tu: "Kwako wewe, usalama ni nini?"

Mama mmoja anayeuza sombe alituangalia kwanza, akacheka: "Munaniandika ku liste ya msaada?" Tukamwambia hapana. Akasema: "Sasa munaniuliza ya nini? Kila mwaka banakuja na batableti, banauliza, banaenda. Jibu hairudi." Tulinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Baadaye akajibu mwenyewe: "Usalama ni kwenda kwa shamba yangu na kurudi na muhogo yangu. Leo niko nanunua muhogo, miye mwenye shamba."

Motari mmoja: "Muasi naye namuogopa, lakini simuoni kila siku. Bariere tatu kabla ya saa sita, ile njo inaniua kila siku."

Mkulima wa kakao: "Ikianza kuiva, sisi njo tunakimbia. Tukirudi, mingine amevuna." 

Mwanafunzi wa kike: "Taa. Tu taa. Nikitoka masomo magaribi, avenyu yetu ni giza, na wale wanaokaa mule gizani nawajua kwa majina."

Baba aliyekimbia kutoka upande wa kusini wa Lubero, baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024, analala na jamaa yake kwa nyumba ya ndugu huku Butembo. Alisema hana shida na wenyeji. Shida ni kwamba chumvi ya mwenyeji imekwisha na yeye anaona haya.

Tulipouliza juu ya état de siège, hatukupata jibu moja. Mzee mmoja alisema ibaki: "Askari bakienda, nani atabaki na sisi?" Mwalimu akasema iondoke hata leo, maana raiya anayekosa anapelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi kama mwenye cheo. Juu ya Wazalendo pia: kijana aliwaita walinzi wetu, na mama yake, aliyekaa hapo hapo, akasema bunduki isiyojua mkubwa wake itamjua jirani yake. Hatutadanganya kwamba mji wote unasema kama sisi. Mji unabishana. Lakini unabishana ku duka, ku saluni, ku parking ya moto, mahali ambapo hakuna anayeandika na hakuna anayelazimishwa kujibu.

Watatuambia mambo ya vita si ya kuuliza kila mtu. Tunajibu na mfano tulioishi wenyewe.

Tarehe 1 Agosti 2018 walitangaza Ebola, kuanzia Mangina. Madaktari walikuja, chanjo ilikuja, magari yalijaa barabara. Dawa ilikuwepo, sikio halikuwepo. Watu waliuliza: miaka mine tunachinjwa, hamkuja, leo mnakuja na magari mia na askari nyuma, mnataka nini? Swali halikujibiwa, uvumi ukajibu badala yake. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa hapa Butembo. Hiyo ni haya yetu pia, tusiifiche. Mambo yalianza kubadilika wakati waliopona walipoanza kusimulia wao wenyewe, wakati mazishi yalipofanywa na vijana wa mahali, jamaa ikiwa inaangalia. Ugonjwa ulitangazwa umeisha tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Hatujui ni wangapi wangepona kama masikio yangefika pamoja na magari. Lakini kila mtu wa Butembo anajua swali hilo liko.

Na mfano mwingine: hasira. Tarehe 25 Novemba 2019, Beni, mairie ilichomwa na kambi ya MONUSCO ya Boikene ikavamiwa. Julai 2022, Butembo, raiya walikufa na walinda amani walikufa. Hatusifu moto wala damu. Tunasema tu kwamba mtu anayepiga kelele miaka na hajibiwi, siku moja anaokota jiwe. Mwenye kutaka mawe yabaki chini, aanze kujibu mapema.

Sasa na sisi wenyewe. Itakuwa unafiki kuwafundisha wakubwa kusikiliza, kama sisi hatusikilizi. Mara ngapi tumetangaza ville morte kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, usiku, na asubuhi mji ukafungwa? Tuliuliza nani? Wengi wetu tumemaliza iniversite, diplome iko kwa sanduku, kazi hakuna. Siku moja bila kutoka haitupunguzii kitu kikubwa. Lakini mama wa nyanya alituambia: "Nyanya haijue kama leo ni ville morte. Inaoza tu. Meya yeye, mshahara yake inaoza?" Tulirudi nyumbani na hilo neno. Mara nyingi tumefunga mji wa masikini ili tuwasumbue wakubwa, na wakubwa hawakusumbuka. Tunaomba msamaha kwa wale waliolala njaa kwa ajili ya siku tulizoita bila kuwauliza.

Hatuachi kupinga. Tunabadilisha namna. Kuanzia sasa, kabla ya ville morte yoyote, tutapita sokoni na kwa parking za moto siku tatu mbele, tuulize, na tuseme wazi watu wamejibu nini. Wakikataa, tutatafuta njia ingine. Farmasi, hospitali na mtu anayebeba mgonjwa hawatasimamishwa na kijana wetu yeyote. Ukiona anayesimamisha na kuomba makuta kwa jina letu, huyo si wetu; ni bariere ya ine.

Kwa viongozi, tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji ndege ao msaada wa nje:

1. Meya wa Butembo na meya wa Beni wakae na wakaaji mara moja kwa mwezi, kartie kwa kartie, siku ya salongo. Mnatuita na majembe na tunakuja. Mtuite na maneno pia. Yale mtakayoahidi yaandikwe na kubandikwa ku mlango wa ofisi ya kartie, ili mwezi unaofuata tusomeane.

2. Kila onyo la raiya lipate jibu. Mara ngapi watu wamesema "tumeona watu tusiowajua njia ya shamba", na habari ikapanda isishuke? Kila shefu wa kartie awe na daftari: saa gani habari ilitolewa, nani alijulishwa, nini kilifanyika. Jina la aliyetoa habari lisiandikwe.

3. Orodha ya bariere halali ibandikwe wazi, Butembo, Beni na barabara ya katikati. Isiyo ku orodha iondolewe. Na anayepokea franga atoe karatasi. Asiyetoa karatasi anaiba.

4. Serikali ya jimbo ifungue mlango. Zamani walituambia: barua yenu ipelekeni Goma. Tangu Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025, gavana na ofisi zake wako Beni. Wanakanyaga tope letu, wanasikia risasi tunazosikia. Umbali si sababu tena. Siku moja kwa wiki, raiya apokelewe bila kujuana na mtu.

5. Tarehe ya uchaguzi wa komini kwa miji yetu itangazwe. Tusiambiwe tena "usalama kwanza". Kumchagua mtu wa kumuuliza ni sehemu ya usalama.

Kwa wale wanaosema raiya wa huku hawawezi kuamua mambo makubwa: Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 na askofu Emmanuel Kataliko, katika mji ambao serikali ilikuwa mbali kabisa. Butembo ilijengwa na wafanyabiashara wake, wakulima wake, na mikono ya salongo. Watu waliojenga mji wao wanashindwaje kusema usiku gani wanaogopa na kwa sababu gani?

Vijana wenzetu, tusingoje mkubwa aanze. Salongo inayokuja, katika kartie yako, kuya na jembe yako na swali moja. Uliza mbele ya watu wote, kwa heshima, bila matusi. Andika jibu. Kama hakuna jibu, andika hivyo, na mwezi unaofuata uliza tena swali lile lile.

Picha ku kadi zetu zinafutika. Sisi tungali hapa, na tutauliza.

Butembo na Beni,
sisi vijana raiya