Nani Aliyelipa Ile Steki?

Miongoni mwa wasomi wetu waliobahatika kufika Marekani ipo hadithi moja inayosimuliwa kwa mate mengi mdomoni. Ni hadithi ya mji wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada, na hasa ya zile kumbi za kale za kulia nyama zilizomo ndani ya kasino. Msimulizi atakueleza habari za viti vya ngozi nyekundu, taa hafifu, mhudumu mwenye mvi na tai ya kipepeo anayechanganya saladi mbele ya mteja, na kipande cha steki chenye unene wa ngumi. Kisha atashusha sauti na kusema neno ambalo ndilo kiini cha hadithi yote: "Na hatukulipa hata senti moja."

Nakusudia kuipinga hadithi hiyo. Siipingi kwa wivu, maana mimi mwenyewe nimekaa katika ukumbi wa namna hiyo, nikiwa mgeni wa Mtanzania mwenzetu aliyeishi huko miaka mingi, na sitawadanganya walimu na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu kwamba nyama ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kupita zote nilizowahi kula. Ninachokipinga ni lile neno la mwisho.

Kwanza yafaa tutazame ukumbi wenyewe ulipo. Haupo barabarani ambako mwenye njaa angeingia, akala, akaenda zake. Umewekwa ndani kabisa ya jengo, na ili uufikie huna budi kupita katikati ya safu za mashine za kamari zinazolia na kumetameta mchana na usiku. Madirisha hayapo. Saa ya ukutani haipo. Ukishiba, njia ya kutokea ni ile ile uliyoingilia. Wajenzi wa majumba hayo si watu wa kusahau dirisha.

Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, wakati uchumi wa kibepari ulipokuwa umeanguka kifudifudi. Lakini mtu aliyeifikisha mbali kazi ya kugeuza nyama kuwa chambo alikuwa Benny Binion, mcheza kamari kutoka Dallas, Texas, aliyewahi kupatikana na hatia ya kuua na baadaye akafungwa kwa kukwepa kodi. Bwana huyo alifungua kasino yake, Horseshoe, katika mtaa wa Fremont mwaka 1951. Hapo steki iliuzwa usiku wa manane kwa dola 2, bei ambayo haikutosha hata kumlipa mpishi. Jirani yake, kasino ya Golden Gate, ilianza mwaka 1959 kuuza bilauri ya kamba kwa senti 50. Binion alitundika pia noti 100 za dola 10,000 ndani ya kioo, yaani dola milioni moja taslimu, na mgeni yeyote aliruhusiwa kupigwa picha mbele yake bila malipo. Ila picha haikutolewa papo hapo. Mgeni aliambiwa asubiri isafishwe, na mahali pa kusubiri, bila shaka, palikuwa kando ya meza za kamari.

Basi tufanye hesabu, kwa kuwa walimu ndio wenye kazi hiyo. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina nafasi 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukipatia namba yako unalipwa 35 kwa 1, kana kwamba nafasi ni 36 tu. Katika zile mbili za ziada ndimo unyonyaji wote ulimojificha. Mbili kwa thelathini na nane ni asilimia 5.26. Mtu akiweka dola 10 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa muda wa saa 4, ameweka mezani jumla ya dola 1,600, na kwa wastani nyumba itabaki na dola 84 zake. Yupo atakayeshinda usiku huo, naam, na ndiye tutakayesimuliwa habari zake. Nyumba haishughuliki na mmoja. Yenyewe inahesabu maelfu, na katika maelfu hesabu haikosei.

Sasa watumishi wa kasino wanazijua hesabu hizi barabara. Mchezaji huandikishwa jina na kupewa kadi. Huangaliwa anaweka kiasi gani, kwa muda gani, katika mchezo gani. Kutokana na hayo hukadiriwa hasara anayotarajiwa kupata, na sehemu ya hasara hiyo hurudishwa kwake kwa sura ya chumba, kinywaji, au chakula cha jioni. Hicho ndicho wanachokiita zawadi ya nyumba. Ameshinda au ameshindwa, si hoja. Amepimwa kama ng'ombe mnadani, na nyasi anazotupiwa zinalingana na maziwa anayotarajiwa kutoa. Tena steki inayoandikwa dola 60 katika orodha haiigharimu nyumba dola 60. Mgeni anarudishiwa fedha zake mwenyewe, zikiwa pungufu, na anashukuru kwa kichwa kuinama.

Siku hizi hata ile bei ya dola 2 imekuwa ngano. Makampuni makubwa yalipoutwaa mji, wahasibu waliuliza kwa nini jikoni lipate hasara, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mapato ya mtaa mkuu wa kasino yatokanayo na vyumba, vyakula na maonyesho yameyapita yale ya kamari yenyewe. Ukumbi wa nyama wa kale umesalia, lakini sasa unauza kumbukumbu. Mteja hulipa bei ya kupasua mfuko ili ajione anakula kama walivyokula majambazi na waimbaji mashuhuri wa miaka ya 1950, "enzi za ustaarabu".

Ustaarabu wa nani? Hapa nawaomba ndugu zangu wenye kasumba ya kutamani zamani za wengine wanisikilize vizuri. Katika enzi hizo Sammy Davis Jr. aliimba jukwaani, wazungu wakampigia makofi, na baada ya onyesho hakuruhusiwa kulala katika hoteli aliyoijaza watu. Weusi wa mji huo walisukumiwa mtaa wa magharibi, ng'ambo ya reli. Mwaka 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, kasino ya kwanza mjini iliyopokea rangi zote. Haikumaliza mwaka kabla ya kufungwa. Hata milango ya nyingine ilipofunguka haikuwa kwa hisani. Machi 1960 daktari wa meno, James McMillan, aliyeongoza tawi la NAACP mjini hapo, alitishia maandamano makubwa, na wenye kasino, wakiihofia biashara yao, wakasalimu amri. Kwa hiyo mwalimu wa Kitanzania anayekitamani kile kiti chekundu cha mwaka 1955 akumbuke kwamba mwaka huo angeingia humo kwa mlango wa jikoni tu, na angepewa aproni.

Na hao wa jikoni ndio nilioshangaa kutowasikia katika hadithi zetu. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli mjini humo, Tawi Na. 226, kilizaliwa mwaka 1935. Mwaka 1990 kilimchagua mwenyekiti wake Hattie Canty, mama Mweusi mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa mtandika vitanda. Septemba 21, 1991, wafanyakazi wapatao 550 wa kasino ya Frontier, wapishi, wahudumu, waosha vyombo na wasafisha vyumba, waligoma kupinga kunyang'anywa haki zao. Walisimama langoni saa 24 kila siku, katika jua la jangwa na katika baridi ya usiku wa jangwa, mwaka baada ya mwaka. Wakati huo watoto walizaliwa, na wapo wagomaji waliofariki kabla ya ushindi. Waliingia tena kazini Februari 1, 1998, baada ya miaka sita na miezi minne, wala hapana hata mmoja kati yao aliyewasaliti wenzake akavuka mstari. Ndio maana mhudumu wa kasino yenye chama huweza leo kuzeeka kazini akiwa na nyumba yake na matibabu yake. Ule weledi wa mhudumu mwenye mvi unaosifiwa na wasafiri wetu haukutoka katika moyo mwema wa tajiri. Hata mwaka 2023 makampuni makubwa yalikubali mkataba mpya pale tu mgomo ulipokuwa mlangoni.

Msiseme kwamba mambo haya ni ya Nevada peke yake. Sisi tuliwahi kuiandika takrima katika Sheria ya Uchaguzi, mwaka 2000, tukaiita ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo Aprili 2006. Mkandarasi anayemletea afisa mbuzi nyumbani wiki moja kabla ya zabuni anazijua hesabu za Binion bila ya kufika Las Vegas. Na leo kasino imehamia ndani ya simu. Kijana anayeweka mikeka ya mpira hupewa "bonasi" ya kuchezea, naye huipokea kama zawadi. Nimewaona hata watu wazima wenye chaki mkononi wakiifungua simu hiyo chumba cha walimu, siku ya mshahara, kabla kengele haijalia.

Yule mwenyeji wangu alikuwa mtu mkarimu, na sina sababu ya kumkejeli. Jioni ile aliniita bwana mdogo, akaniagizia kipande kikubwa kuliko changu cha kawaida mara tatu, na bili ilipoletwa hakutoa fedha. Alitoa kadi, akatia saini, akanikonyeza. Saa nne usiku nilimwacha kwenye meza ya ruleti, nikapanda kulala. Saa kumi na moja alfajiri aligonga mlango wa chumba changu, macho mekundu, koti mkononi. Safari hii hakuniita bwana mdogo. Aliniita kaka, akaomba nimkopeshe dola 40 za kutia petroli.