Matofali mepesi: hati kwanza, bei baadaye

Wanaotaka kuweka fedha katika matofali ya zege lenye mapovu wana sababu. Meta moja ya ujazo huwa na kilo 400 hadi 700. Zege la kawaida hufikia 2,400. Hewa iliyonaswa ndani ya ukuta huzuia joto kupita.

Tatizo ni malighafi. Nchini Uswidi, kuanzia 1929 hadi 1975, aina moja iliyouzwa sana ilitengenezwa kwa mwamba wenye urani, ikatoa gesi ya radoni majumbani. Nyingi ya nyumba hizo bado zinakaliwa, na gharama za vipimo na kupitisha hewa ni za mwenye nyumba, si za kiwanda.

Siku hizi hutumika mchanga, au majivu ya makaa ya mawe, ambayo nayo yafaa kupimwa. Mnunuzi adai hati ya maabara kabla ya kuulizia bei. Muuzaji anayesita abaki na mzigo wake.