Jaji na Sanduku la Kura



Katika mazungumzo yetu juu ya haki husikika mara nyingi swali hili: kwa nini wananchi wasiwachague kwa kura wale wanaowahukumu, kama wanavyowachagua wabunge na madiwani? Wanaouliza hivyo si watu wa fujo. Ni watu waliochoka kuona mnyonge akitoka mahakamani mikono mitupu. Wanaamini kwamba mwamuzi akijua atarudi kwa wananchi kuomba kura, atawaogopa wananchi kuliko anavyowaogopa wenye fedha.

Sisi hapa hatuwapigii mahakimu kura. Lakini ziko nchi zinazofanya hivyo, na ni vema tuone yaliyowapata kabla ya kuyatamani. Katika majimbo mengi ya Marekani, majaji wa mahakama zinazosikiliza kesi kwa mara ya kwanza husimama mbele ya wapiga kura. Katika jimbo la California muhula wao ni miaka 6. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula, gavana humteua mtu wa kukijaza. Jaji aliyeko madarakani asipopata mpinzani, huhesabiwa ameshinda, na jina lake halichapwi hata katika karatasi ya kura.

Tumtazame jaji mmoja wa huko, Aaron Persky. Alikuwa mwendesha mashtaka katika Kaunti ya Santa Clara, akishughulikia kesi za makosa ya kujamiiana. Mwaka 2002 aligombea ujaji akashindwa. Mwaka 2003 Gavana Gray Davis akamteua. Aliketi mahakamani zaidi ya miaka 12 bila jina lake kuvuma.

Mwezi Machi 2016 jopo la raia lilimtia hatiani mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa makosa 3. Alikuwa amemdhulumu kimwili msichana aliyepoteza fahamu, usiku mmoja wa Januari 2015, hata wapita njia wawili waliokuwa juu ya baiskeli wakamkamata. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 6. Tarehe 2 Juni 2016 Jaji Persky alitoa miezi 6 katika jela ya kaunti na miaka 3 ya uangalizi, akisema kwamba gereza lingemwathiri vibaya kijana yule. Kijana alitoka baada ya miezi 3.

Tunasema bila kusita kwamba adhabu ile ilikuwa ndogo mno. Jaji alipima jinsi gereza litakavyomwumiza mkosaji aliyesoma na mwenye jamaa wa kumsemea, na mizani ikaegemea upande huo. Maneno aliyoyaandika msichana yule kuyasoma mbele ya mahakama yalisomwa na mamilioni ya watu, na wengi walilia.

Lakini hebu tuangalie siku zilizofuata. Tarehe 7 Juni 2016, siku 5 tu baada ya hukumu, ulifanyika uchaguzi, na muhula wa Jaji Persky ulikuwa umekwisha. Hakuwa na mpinzani, na muda wa kujiandikisha kugombea ulikuwa umepita. Akapata miaka 6 mingine bila hata mwananchi mmoja kuweka alama mbele ya jina lake. Kura ambayo ndugu zetu wanaitumainia ililala usingizi siku ile ile ilipohitajika.

Ilipoamka, iliamka na hasira. Kampeni ya kumwondoa, iliyoongozwa na Michele Dauber, profesa wa sheria wa Stanford, ilikusanya saini zaidi ya 90,000. Mwezi Desemba 2016 tume ya jimbo inayosimamia mwenendo wa majaji ilieleza kwamba haikuona ushahidi wa utovu wa maadili: sheria ya wakati ule iliruhusu adhabu ile, na maafisa wa uangalizi wenyewe walikuwa wamependekeza jela ya kaunti. Hata mkuu wa waendesha mashtaka wa kaunti, ambaye hakukubaliana na adhabu, alipinga jaji asiondolewe kwa njia hiyo. Hata hivyo, tarehe 5 Juni 2018, takriban asilimia 62 ya wapiga kura walimwondoa. Lilikuwa jambo ambalo California haikuliona tangu mwaka 1932.

Wengine watatuuliza: mlitaka msichana yule afanye nini? Hakuwa na haki ya kukata rufaa dhidi ya adhabu, na tume haikumpa kitu. Swali hili ni zito, wala hatulikwepi. Wenye hasira walikuwa na sababu. Tunachokiogopa ni fundisho walilolipata majaji waliobaki. Mawakili wengi wanaowatetea maskini walionya kwamba jaji anayehofia kiti chake atajikinga kwa kutoa adhabu kali, na wa kwanza kuzibeba watakuwa wale wasio na wakili wa kulipwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinatuonya tusiufuate umati katika kupotosha hukumu. Na mara hiyo hiyo kinatukataza kupendelea katika kesi. Jaji anayewaogopa wakubwa na jaji anayeuogopa umati wanafanana: wote wawili hawamwangalii mtu aliyesimama mbele yao.

Kulikuwa na dawa nyingine. Mwezi Septemba 2016 Bunge la California lilikuwa limekwisha kubadili sheria, na gavana akaitia saini, ili anayemdhulumu mtu aliyepoteza fahamu asiweze tena kukwepa gereza. Badiliko hilo liliwafunga majaji wote, wala halikumtegemea jaji mmoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, ndugu viongozi wa walei, tusiishie kutamani kura. Kesi husikilizwa hadharani: twendeni tukaketi, tusikilize, tujue nani anahukumiwa na kwa sababu zipi. Hukumu ikituchukiza, tuulize kwanza sheria inaruhusu nini na nani ana mamlaka ya kuirekebisha. Tudai vyombo vinavyopokea malalamiko dhidi ya mahakimu vimjibu mlalamikaji kwa maandishi. Na dada aliyedhulumiwa asiende mahakamani peke yake. Wawili au watatu wa jumuiya wamsindikize tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi hiyo haingoji uchaguzi, nasi tunawaomba muianze sasa.