Mahari ni ya Nani?



Harusi zinapokuwa nyingi, neno mahari halikauki vinywani. Juma hili tumeona tuifuatilie asili yake, kwani ni neno moja litamkwalo na wengi, na kila mmoja akakusudia lake.

Kwetu limetoka katika Kiarabu, mahr. Kiebrania, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu, nacho kina mohar, na shina lao ni moja. Lakini mohar ilikuwa haki ya jamaa za mwanamke. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 34, Shekemu, akimposa Dina, awaambia baba na ndugu zake wataje mahari wayatakayo, naye atatoa. Dina mwenyewe haulizwi.

Uislamu ulipokuja, neno lilibaki, mwenye haki akawa mwengine. Tena Qur'ani haikulitumia neno mahr. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, limekuja neno saduqat, lenye shina moja na sidq, yaani ukweli, na sadaka pia. Amri ni kuwa wapewe wanawake wenyewe. Mume hahalalikiwi na chochote humo ila kile mke akitoacho kwa ridhaa ya nafsi yake.

Huko Uajemi, herufi tatu za neno hili, mim, ha na ra, zina visomo zaidi ya kimoja. Zikisomwa mahr, ni mahari. Zikisomwa mohr, ni muhuri, na ndiyo asili ya neno letu muhuri. Zikisomwa mehr, ni upendo. Maandishi ni yale yale, maana ni mbali mbali. Waajemi wa leo mahari huyaita mehriye, na aghalabu huyahesabu kwa sarafu za dhahabu, ambazo mke ana haki ya kuzidai.

Nasi hapa Kenya, wengi wa ndugu zetu wa bara wasemapo mahari hukusudia ng'ombe, mbuzi au fedha wapelekewazo wazazi wa msichana. Basi jamaa mbili zaweza kuketi mkeka mmoja, zikaafikiana juu ya mahari, kumbe kila upande una yake moyoni. Baada ya nikaha binti auliza haki yake, aambiwa imekwisha kwenye pilau na maturubali.

Wazee wetu wa pwani waliyatenga majina. Cha baba kiliitwa kilemba, cha mama kiliitwa mkaja, na mahari yakabaki ya bibi arusi. Twawausia wazazi warejee utaratibu huo: kabla posa haijajibiwa, kila kitu kitajwe kwa jina lake, mahari yaandikwe, na yafike mkononi mwa binti. Neno likiwa na maana mbili, mwenye kudhulumika huwa ni yule asiyeulizwa.

Wabillahi tawfiq.